Kisima cha Chini ya Kiwanda

Ofisi ya Maji,
Babati,
6 Februari 1984

Ndugu Mkemia,

Natumaini barua hii itakufika pamoja na sanduku, na sanduku litakufika na vyote vilivyomo. Nimelikabidhi kwa Shomari, utingo wa basi la asubuhi, naye ameapa kulipakata mpaka Arusha.

Jina langu ni Herieli, fundi sanifu wa maji hapa Babati. Mhandisi wa Mkoa ameniagiza kila mwezi nichukue maji ya visima vilivyo karibu na shimo la majitaka la kiwanda cha ngozi, pale Nangara, nikuletee uyapime. Shimo lenyewe hulijui, basi nikueleze. Kiwanda kinalowesha ngozi za ng'ombe kwenye chumvi, chokaa na dawa nyingine, na maji yakishachoka yanamwagwa shimoni. Shimo lilitakiwa lisakafiwe. Saruji ikangojwa mwaka juzi, ikangojwa mwaka jana, na ngozi hazijui kungoja, zinaoza. Kwa hiyo shimo ni udongo mtupu. Meneja, Bwana Pantaleo, anasema udongo wa hapa ni mfinyanzi, haupitishi kitu. Mimi sijui kama unapitisha au haupitishi, ndiyo maana nakuandikia.

Chupa ni tatu. Ya kwanza ni ya kisima kilicho chini ya kiwanda, kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, karibu kabisa na shimo. Ya pili ni ya kisima cha mzee Remigius, juu ya kiwanda, upande wa mlima Kwaraa. Ya tatu ni ya chemchemi ya Sigino, mbali na mambo yote haya, ya kulinganishia tu. Chupa mbili zilikuwa za pombe. Nimezichemsha, lakini ukisikia harufu usinifikirie vibaya.

Jambo kubwa nimeliweka mwisho. Mvua za masika zikikatika, mtambo wa kuchimba unakuja. Dizeli iliyopo ni ya kuchimba mahali pamoja tu. Nangara yote itapata pampu moja, nayo itawekwa pale ambapo karatasi yako itasema maji ni mazuri. Wanaoishi chini ya kiwanda ndio wengi na wanaomba iwe kwao. Nami naomba iwe pazuri.

Wako katika kazi,
Herieli


Maabara ya Maji,
Arusha,
21 Februari 1984

Ndugu Herieli,

Sanduku limefika, na chupa mbili, na maelezo ya Shomari. Basi lilichemka karibu na Minjingu, maji ya akiba hayakuwepo, na maji ya mzee Remigius yakaishia kwenye rejeta. Nimemwuliza Shomari yalikuwaje. Akasema injini ilitulia mpaka Makuyuni. Basi mwezi huu hicho ndicho kipimo pekee tulichonacho cha kisima cha Remigius.

Sasa hizo mbili. Nilianza na kisima chako cha chini ya kiwanda, nimejiandaa kwa mabaya. Dawa ya kupimia chumvi imebaki kidogo, nyingine imekwama bandarini, kwa hiyo siku hizi natumia matone kwa uchoyo. Nilitegemea kula hasara. Matone machache tu yakatosha kuyabadilisha rangi, yaani chumvi ni kidogo. Nikakata kipande cha sabuni, cha kwangu cha nyumbani, mama yangu asijue, nikakitikisa ndani ya hayo maji. Povu likapanda mpaka mdomoni mwa chupa. Maji ya visima vya huko kwenu ninayajua, ni magumu, yanakula sabuni kama yamenyimwa. Haya hayakula kitu.

Sijapata kuona kisima kitamu kando ya shimo la ngozi. Huenda Bwana Pantaleo ana haki na mfinyanzi wake. Huenda kuna mkondo unaoshuka kutoka mlimani na kupita chini ya shimo bila kuligusa. Mambo nisiyoyaelewa nayapenda sana, ila siyapigii muhuri. Lete tena.

Halafu nina swali. Kina mama wa hapo chini wanafua wapi? Katika shida hii ya sabuni, kisima chenye povu namna hii kingekuwa na foleni ya kwenda na kurudi.

Fabiola,
Mkemia


Babati,
14 Machi 1984

Ndugu Fabiola,

Habari zako zimepokewa vizuri kupita kiasi. Nilimwonyesha mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akawaonyesha wengine, na Jumapili watu wa chini wakapongezana baada ya ibada kana kwamba pampu imekwisha kuota. Bwana Pantaleo ameniita ofisini akanishika mkono, akanipa na kipande cha ngozi cha kushonea viatu. Viatu vyangu ni vya tairi, kwa hiyo sikukataa.

Swali lako la kufua nimelizungukia. Wanafua juu, kwa mzee Remigius, wanapanda na mabeseni kichwani. Nikauliza kwa nini, wakaniambia wamezoea. Nikauliza tena, wakacheka, wakaniuliza mke wangu anafua wapi. Sikufika mbali.

Mwenye kisima cha chini ni mama mmoja mjane, Mama Kandida, mtu wa Mbulu, Mkatoliki, heshima tupu. Yeye na marehemu mumewe walikichimba kisima hicho kwa mikono walipohamia Nangara, na kiwanda kikawakuta hapo. Kwake huondoki bila chai. Sukari haipo Babati nzima, yeye atakutafutia asali. Ndoo yake ya mpira wa tairi hailali nje.

Mvua zimeanza. Safari hii chupa zote tatu zimefungwa kwa waya, na Shomari nimemwekea dumu lake la rejeta.

Herieli


Arusha,
2 Aprili 1984

Ndugu Herieli,

Chupa zote zimefika salama, pamoja na Shomari ambaye sasa anajiona mtumishi wa maabara.

Maji ya Remigius ni kama nilivyotegemea. Ni magumu kiasi, yana magadi kidogo, hayadhuru mtu. Kisima cha chini bado kitamu vilevile. Sasa sikiliza kilichoninyima usingizi. Nilikuwa nasafisha meza, karatasi ya kisima cha chini ikaangukia karibu na ile ya chemchemi ya Sigino. Nikasoma moja, nikasoma ya pili, nikarudi ya kwanza. Chumvi ni sawa, chokaa ni sawa, magadi ni sawa. Nikatoa na za Februari. Nazo ni hivyohivyo.

Ndugu yangu, maji hubeba udongo yalimopita. Hata visima viwili vya ua mmoja huwa vinatofautiana. Hayo yako mawili yametengana mwendo mzima wa Nangara mpaka Sigino, moja ni chemchemi ya mawe ya mlimani na jingine ni kisima cha bondeni kando ya chumvi ya kiwanda, na yanafanana kama mapacha. Na mvua imenyesha, kisima cha Remigius kimebadilika kidogo kama inavyopaswa, hicho cha chini hakikutikisika.

Kwa hiyo nauliza bila kuzunguka. Unabandika plasta kwenye chupa kabla ya kuchota au baada? Unaweza kuwa umezichanganya? Na ni nani hasa anayechota?

Kuhusu ngozi ya viatu, ningekuwa wewe ningeirudisha. Kazi yetu hii, mtu akikupa kiatu atataka kujua unakwenda wapi nacho.

Fabiola


Babati,
20 Aprili 1984

Ndugu Fabiola,

Ngozi nimeirudisha. Bwana Pantaleo amenuna.

Chupa sijachanganya. Plasta nabandika nyumbani kabla ya kutoka. Sigino nakwenda mwenyewe kwa baiskeli, siku nyingine. Maji yanachotwa kwa utaratibu wa mahali husika.

Naandika kwa kifupi kwa sababu nyumbani niko peke yangu. Mke wangu ni mjamzito, mimba yetu ya kwanza, na amekwenda kwa mama yake angojee huko mpaka ajifungue, kama ilivyo desturi ya kwao. Mimi napika ugali wa unga wa njano, unaungua chini na juu ni mbichi.

Mtambo umepangiwa mwanzoni mwa Juni. Watu wananisimamisha njiani wakiuliza karatasi. Kama maji ni matamu, kuna ubaya gani kusema ni matamu?

Herieli


Arusha,
4 Mei 1984

Ndugu Herieli,

Leo nilikuwa nampa Shomari chupa tupu, akaniambia kwa furaha kabisa, "Zile za kwa mama mkwe wake Herieli naziweka peke yake, zisivunjike." Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mama Kandida. Na Kandida ndiye mkeo. Tangu Machi unaniandikia "mama mmoja mjane" kama mtu uliyekutana naye njiani.

Nimekasirika na sitaficha. Pampu ikichimbwa pale itakuwa mlangoni kwa mkweo. Maji unayoniletea kutoka pale ni maji ya Sigino, hilo ningeapa mbele ya padri. Ungekuwa wewe ndiye unayekaa kwenye kiti changu, ungefikiri nini? Kibaya zaidi, Mhandisi ameona namba zangu za Februari na Machi, na bila kunisubiri amekwisha kuandika kwamba mtambo uende chini. Mimi ndiye niliyempa hizo namba.

Lakini kuna kitu hakikai. Mwizi wa kweli angechovya chumvi kidogo, angebadilisha mwezi huu na ule. Huyu wetu analeta maji yaleyale, masafi, bila aibu. Naomba unieleze, na unieleze yote.

Fabiola


Babati,
11 Mei 1984

Dada Fabiola,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Imeniuma.

Ni kweli ni mama mkwe wangu. Sikusema kwa sababu niliogopa ungefikiri hayo unayoyafikiri sasa. Kisima chake ndicho kilicho karibu na shimo kuliko vyote. Hata angekuwa adui yangu ningekwenda palepale.

Umeuliza nani anachota. Si mimi. Kwa watu wa mke wangu, mkwe hashiki kamba ya kisima cha mama mkwe wake. Akishika, majirani watasema nyumba ile imekosa mtu wa kumpa mgeni maji, na mama yule hatainua uso mtaani. Kwa hiyo nikifika nampa chupa kwa mikono miwili, nakaa barazani nautazama mlima, na yeye anazunguka nyuma ya nyumba. Ananirudishia imejaa na kizibo kimekazwa, na chai juu yake. Hivyo ndivyo ilivyo kila mwezi, na sijaona kosa.

Yule mama hajui kudanganya. Kama unadhani anakuchezea, mwandikie mwenyewe. Anasoma na kuandika, alimaliza elimu ya watu wazima na cheti amekitundika juu ya mlango. Mimi siwezi kumwuliza. Mkwe atamwuliza vipi mama mkwe wake kama maji aliyompa ndiyo yenyewe?

Herieli


Arusha,
17 Mei 1984

Mama Kandida,

Shikamoo. Mimi ni Fabiola, mkemia wa maji hapa Arusha. Chupa zako huwa zinafika kwangu. Hatujaonana, lakini naona kama tunafahamiana kwa maji.

Naandika kwa sababu nimekwama, na anayeweza kunikwamua ni wewe peke yako. Naomba uniambie hatua kwa hatua unavyoijaza chupa anayokupa Herieli. Hakuna atakayekulaumu. Nataka tu kujua.

Mpe pole Kandida kwa kungoja.

Wako mtiifu,
Fabiola


Nangara,
24 Mei 1984

Mwanangu Fabiola,

Marahaba. Nimefurahi kupata barua yenye jina langu. Tangu nipate cheti sijaandikiwa na mtu wa serikali, isipokuwa kuhusu kodi.

Unauliza ninavyoijaza chupa. Mama yako hakukufundisha? Naisuuza kwanza, maana mkwe wangu ni mtu mwema lakini chupa zake zinanuka pombe. Kisha naingia ndani, nafunua mtungi wa wageni, nachota kwa kata safi, nayamimina taratibu yasitoe povu. Nakaza kizibo. Namaliza kwa kuifuta nje.

Mtungi wa wageni ni maji ya Sigino. Kila juma punda wa mzee Remigius ananiletea madumu, ninapikia chai ya wageni na ya padri akipita. Herieli aliponiambia kwamba huko Arusha kuna binti wa watu anayeonja maji yetu na kutoa hukumu, nilisema looh, tutamnywesha mtoto wa watu yale ya kisimani? Akipata tumbo, nani atabeba aibu hiyo? Chupa za kwako zote, tangu ile ya kwanza, nimetoa mtungini. Nilitegemea utanishukuru.

Ya kisima changu, kwa kuwa umeuliza kwa upole nitakuambia, ila usimwambie Herieli. Yameharibika. Yalikuwa mazuri nilipokuwa na mume wangu. Sasa yana chumvi, na kwenye ulimi yanabaki kama umelamba sarafu. Maharage hayaivi. Majirani hawafulii kwangu na hawasemi kwa nini, kwa heshima, nami siwaulizi kwa nini, kwa heshima. Tunakunywa sisi wenye nyumba, tumezoea. Mume wangu alivunjika vidole viwili akichimba kisima kile. Nikisema kimekufa, nimesema na yeye amechimba bure.

Kandida anakusalimu. Tumbo limekua. Analalamika maji yananuka, namwambia ni mimba, mwenye mimba husikia harufu zisizokuwepo. Kweli mimi mwenyewe nazisikia.

Nilikuwa nangoja pampu ije pale kwangu, kisima kipate maisha mengine na watu warudi. Usiku nasali kwa ajili hiyo.

Mama yako,
Katarina, Mama Kandida


Arusha,
2 Juni 1984

Ndugu Herieli,

Naandika haraka, Shomari ameizima injini ya basi kwa ajili yangu na abiria wanazomea.

Nisamehe. Wewe si mwizi na mama mkwe wako ndiye mtu mkarimu kuliko wote niliopata kuwasikia. Maji niliyopima tangu Februari ni maji ya wageni. Yametoka mtungini kwake, na mtungini yaliingia kutoka Sigino. Alidhani mimi nayanywa. Amenitunza kama mgeni wake, na kwa kunitunza hivyo karibu tuchimbe pampu ya Nangara nzima kwenye chumvi ya ngozi. Aliniomba nisikuambie, nami nimevunja ombi hilo kwa sababu mke wako anakunywa maji ya kisima kile. Kuanzia leo asinywe. Mpe ya Sigino, mpe ya Remigius, mtoe hapo ikibidi.

Nimekwenda kwa Mhandisi. Amenisikiliza kama mtu anayeota. Mtambo umeondoka jana, na simu ya Babati haipitiki. Anasema bila maji ya kweli ya kisima kile yeye hawezi kuugeuza mtambo na kumaliza dizeli kwa ajili ya barua ya bibi mmoja. Kwa hiyo maji ya kweli lazima yapatikane kabla chuma hakijagusa ardhi, na safari hii lazima uchote wewe, kwa mkono wako, kutoka kisimani.

Najua ninachokuomba. Sina mwingine wa kumwomba.

Fabiola


Babati,
5 Juni 1984

Dada Fabiola,

Barua yako niliipata asubuhi ileile mtambo ulipoegeshwa uani kwa mama mkwe wangu. Nilikuta watu wamejaa, wanawake wanaimba, na Cornel, msimamizi wa wachimbaji, ameshanyoosha mlingoti wa mtambo. Nikamwambia asubiri. Akaniuliza asubiri nini, nikamwambia asubiri nichote maji. Akacheka, akadhani nina kiu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwamkia, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba naomba kamba. Dada, nilitamani ardhi inimeze. Akanitazama mpaka nikaangalia chini. Kandida akataka kunyanyuka achote yeye na lile tumbo, mama yake akamwambia kaa.

Halafu akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amejitanda kanga kichwani hadi usoni. Akaichukua kamba na ndoo, akageuka, akanipa mgongo, akanyoosha mkono nyuma kunikabidhi bila kunitazama. Akasema, "Sijaona kitu." Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nilichota. Kandida amekuwa hapo tangu Aprili, na mimi kila mwezi nimekaa barazani kwake nakunywa chai ya maji ya Sigino na asali nikidhani naonja kisima chao. Nilikinga kiganja nikanywa. Yana chumvi, halafu yanauma kwenye meno, halafu kuna harufu ya ngozi mbichi kwa mbali. Nikampa Cornel. Akaonja, akatema, akaonja tena kwa kutoamini. Akawaambia vijana wake walaze mlingoti.

Waliokuwa wanaimba hawakuimba tena. Mtu mmoja nyuma akasema tumenyimwa. Mtambo umelala kwa mzee Remigius na Cornel anasubiri agizo la Mhandisi, amekubali kusubiri siku chache tu. Kandida nimemrudisha nyumbani kwangu, ingawa si desturi, na mama mkwe hakunizuia. Chupa yenye plasta ya bluu ndiyo niliyochota mwenyewe.

Nina hofu, Dada Fabiola. Unieleze kwa kweli, mtoto yuko salama?

Herieli


Arusha,
9 Juni 1984

Herieli,

Matone yalikwisha kabla chumvi haijakwisha. Chupa ya bluu imemaliza dawa yangu yote na bado haikubadilika rangi, kwa hiyo siwezi hata kukuambia ni chumvi kiasi gani, naweza kukuambia tu ni zaidi ya ninavyoweza kupima. Dawa ya kulainishia ngozi nayo imo, kidogo. Udongo wa Bwana Pantaleo unapitisha. Mhandisi ameona kwa macho yake na amesaini. Pampu inakwenda juu, kwa Remigius, na kiwanda kimeandikiwa kuhusu shimo. Watajibu kwamba saruji hakuna, na saruji kweli hakuna, lakini wataandikiwa tena.

Umeniuliza kwa kweli, basi nakujibu kwa kweli. Sijui. Vitabu nilivyonavyo vinazungumza juu ya ng'ombe na samaki, havizungumzi juu ya mtoto aliye tumboni. Miezi miwili si miaka. Chumvi huenda imempandisha Kandida presha, mpeleke apimwe, miguu yake iangaliwe kama inavimba. Ningependa kukuambia usiogope. Nikikuambia hivyo nitakuwa nakupa maji ya mtungini.

Fabiola


Nangara,
2 Septemba 1984

Mwanangu Fabiola,

Kandida amejifungua mtoto wa kike, mnono, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Miguu yake Kandida ilivimba kama ulivyoandika, wakamlaza hospitali majuma mawili, ikashuka. Herieli amekonda yeye badala ya mkewe. Mtoto nimembeba, nimemkagua kucha mpaka kisogo. Mzima. Nimeshukuru Mungu, kisha nikaona si haki kumshukuru Mungu nisikushukuru wewe.

Nilikukasirikia, ujue. Nilikuomba usimwambie ukamwambia. Nikasema watoto wa mjini hawana kifua. Nilikaa miezi yote hii sikukuandikia makusudi, ili usikie baridi.

Pampu iko kwa Remigius. Sisi wa chini tunapanda mlima na ndoo. Watu walinung'unika sana. Walisema mkemia wa Arusha amependelea watu wa juu, wakasema Herieli amehongwa na Remigius kwa punda, maneno ya ajabu. Wengine wakarudi kuchota kwangu kwa hasira. Wakaja na madumu, hata wale ambao miaka hii yote walikuwa wanapita mlango wangu na mabeseni. Ndipo nikaona uchungu wa mambo. Kwa miaka mitatu nilisali watu warudi kisimani kwangu, na wamerudi kunywa sumu.

Siku ya mkutano wa kijiji nikabeba ndoo ya kisima changu mpaka pale mbele, na kikombe. Mwenyekiti akaniuliza, Mama, kuna jambo? Nikasema kuna jambo, onjeni. Nikawapa mmoja mmoja, wakubwa wote, Bwana Pantaleo naye alikuwepo nikampa cha kujaa. Kila aliyetema nikamwambia asante. Nikawaambia mficha uchi hazai, na mimi nimekuwa nauficha uchi wa kisima hiki kwa sababu ya mume wangu, na mume wangu hakuvunja vidole vyake ili watu waugue. Nililia, sitakudanganya. Kisha nikarudi nyumbani, na kesho yake Herieli na vijana wakakifunika kwa mbao. Kwenye mbao nimewaambia waache tundu la kupitisha ndoo.

Nitakuambia la nini. Shimo bado linamwaga. Wamelichimbia mtaro kidogo, saruji wanasema Desemba. Maji yale hayakai, Herieli amenichorea chini kwa kijiti yanavyotembea polepole kwenda ziwani. Chini yangu kuna kisima cha Damiani, chini ya Damiani kuna cha wajane wawili. Majuzi nilipita kwa Damiani, mkewe akanipa chai, nikaonja, nikamtazama, naye akatazama pembeni. Ninaujua ule mtazamo wa pembeni, ulikuwa wangu.

Kwa hiyo tangu sasa nitachota mimi, sio Herieli, kila mwezi. Nitachota kwangu, na nimekwisha kumwambia mke wa Damiani kwamba nitachota na kwake. Chupa mbili ziko na Shomari. Nimechota kisimani, sikuchuja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimempelekea mgeni maji mabaya na jina langu nimeliandika juu yake.

Usiyaonje. Niambie tu yamefika wapi na yanaelekea kwa nani, nikakae naye kabla hajaanza kuyaficha.

Katarina